Diwani Moja, Sauti Hamsini: Majibu kwa Wasomaji wa Mashairi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mashairi, hasa zile diwani za watunzi wengi ambazo zimeanza kuonekana mikononi mwa watu hapa Uganda: kitabu kimoja, washairi thelathini au hamsini, kila mmoja na namna yake. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nimechagua barua tano na kuzifupisha. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

*Shikamoo Mwalimu. Nimenunua diwani ya mashairi ya kisasa. Nikaanza ukurasa wa kwanza kama ninavyosoma riwaya, na kufika katikati nikachoka kabisa. Shairi moja lina vina na mizani kama tulivyofundishwa. Linalofuata halina kina hata kimoja, na mistari mingine ni neno moja tu. Halafu linakuja la mistari mitatu, ukurasa uliobaki ni mweupe. Je, yote haya ni mashairi? Na mtu anakisomaje kitabu cha namna hii bila kupotea?*
*Msomaji, Mbarara*

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza acha kukisoma kama riwaya. Riwaya ina mkondo mmoja, ukiruka kurasa kumi umeachwa nyuma. Diwani ya watunzi wengi haina mkondo huo. Mhariri ameyapanga mashairi kwa sababu zake, na huenda ni sababu nzuri, lakini wewe hazikufungi. Fungua popote. Soma moja asubuhi kabla hujatoka na jingine usiku taa ikiwa karibu kuzimwa. Ukisoma kumi mfululizo, la kumi hulisikii, maana masikio bado yamejaa la nane na la tisa. Ninao wanafunzi wa zamani wanaosoma shairi moja kwenye taksi wakisubiri ijae, nanyi mnajua taksi zetu zinavyochukua muda kujaa. Muda huo unatosha kulisoma shairi mara tatu.

Pili, soma kwa sauti. Hapa sina mzaha. Macho yana tabia ya kuruka, mdomo hauwezi kuruka. Ushairi wa Kiswahili umekua ukiimbwa na kughanwa, na hata shairi lililoandikwa jana kwenye simu bado linataka kutamkwa. Mara nyingi mstari uliokuwa kigugumizi mbele ya macho hufunguka pale unapoutamka, kwa sababu unagundua mahali pa kuvuta pumzi. Ukiona haya watu watakusikia, nong'ona. Kunong'ona kunatosha.

Sasa swali lako kubwa: yote haya ni mashairi? Kwangu mimi ndiyo, na ugomvi wenyewe si wa leo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Vizazi vya wanafunzi vimekulia kwenye arudhi hiyo: ubeti wa mishororo minne, mizani (yaani silabi) kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani yenye mashairi yasiyojali vina wala mizani. Wanajadi walimjia juu. Walisema hayo si mashairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Wengine wakasimama upande wake, na mabishano yakaendelea miaka na miaka. Kuna vibaraza ambako hayajaisha hadi leo.

Mimi katika ugomvi huo huwa nakumbusha jambo moja. Kezilahabi hakuwa mtu wa Lamu wala wa Mvita huko Pwani. Alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa hilihili tunalolitazama sisi kutoka Entebbe, na lugha ya kwao ni Kikerewe. Aliingia katika Kiswahili kwa mlango uleule tunaouingilia sisi wa bara, akiwa na midundo mingine masikioni. Sioni ajabu kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyeuliza kama ushairi lazima uvae nguo moja tu.

Na wewe wa Mbarara ushahidi unao nyumbani. Fikiria ebyevugo za Ankole. Mzee anayesimama kughani ushujaa wake au uzuri wa ng'ombe wake hatafuti kina cha kati wala hahesabu nane kwa nane. Anatiririka kwa kasi, majina ya sifa yanarundikana, msikilizaji anabaki kutikisa kichwa. Nani amewahi kumwambia mzee huyo kwamba hayo si mashairi? Basi kijana anayeandika Kiswahili bila vina naye apewe sikio lilelile.

Hapo sisemi kwamba kila maandishi yaliyokatwa mistari ni shairi. Kila shairi hujiwekea sharti lake katika mistari michache ya mwanzo. Kazi ya msomaji ni kulitambua sharti hilo, kisha kuangalia kama mtunzi amelitimiza. La arudhi limeahidi vina na mizani, likivikosa limekosa. Shairi huru limeahidi kitu kingine: labda picha, labda pumzi, labda namna mistari inavyovunjika. Nimetunga kipande kifupi tukitazame pamoja:

Mvua ya saa kumi
haikuuliza nani ana mwavuli.
Chini ya paa la duka la dawa
vijana wa boda wamejibanza:
saba,
wanane,
wa tisa anasukuma pikipiki,
mguu mmoja ndani, mmoja mvuani.
Mwenye duka hasemi kitu.
Anavuta kiti chake nyuma,
kidogo,
kidogo tena.

Hakuna kina hapo, na ukihesabu mizani utaona kila mstari na yake. Lakini tazama hesabu ya vijana. "Saba" wamepewa mstari wao, "wanane" wao, na kwa hiyo unalazimika kusimama na kuwaona wakiongezeka. Kisha tazama mwisho. Kiti kinasogea mara mbili, na kati ya kidogo na kidogo tena pana nafasi ambayo ulimi wako umeinyamazia. Huruma ya mwenye duka imo katika nafasi hiyo, kwani hakusema neno. Sasa iandike hivi: mwenye duka alisogeza kiti chake nyuma ili vijana wapate nafasi. Habari ni ileile, ila kile kimya kimeondoka na huruma imegeuka taarifa.

Kipimo changu cha shairi huru ndicho hicho. Lichukue, unganisha mistari yote iwe aya moja, uisome. Kama hujapoteza chochote, mtunzi alikuwa anaandika aya. Kama kuna kitu kimepotea, kitafute ni nini na kilikuwa mstari gani. Fanya hivyo kwa mashairi manne au matano ya diwani yako, na mengine yote utayasoma kwa jicho jingine.

Yale mafupi ya mistari mitatu hayahitaji kuelezwa sana. Sisi ni watu wa methali na wa majina ya kanga, tunajua maneno matano yanaweza kumfikishia jirani ujumbe kuliko barua. Lisome, funika kitabu, tembea nalo. Likikujia tena jioni bila kuitwa, limefanya kazi yake.

Tena usidhani kwamba katika diwani ya kisasa lile la vina ndilo la kizamani. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi ya kuipinga serikali, akatoka mwaka 1972. Huko gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabuni kwa jina *Sauti ya Dhiki*. Arudhi yake ni kamili, ni Kimvita cha mtu aliyelelewa ndani ya ushairi. Na mambo anayoyasema yalikuwa mabichi kuliko gazeti la asubuhi ya siku ile. Kwa hiyo ukikuta tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kati ya mashairi huru mawili, usiipite ukidhani unajua itasema nini.

Mwisho, ruhusu moyo wako usipende. Katika watunzi hamsini, ukipata kumi uliowapenda kwa dhati, fedha yako imerudi. Wekea alama ya kalamu yale uliyoyapenda, andika na mwezi. Ukirudi baada ya mwaka utakuta baadhi ya alama zinataka kuhamia ukurasa mwingine, na hilo ni jambo la furaha.

*Mwalimu, mimi ni Muganda, Kiswahili nilikipata nikifanya kazi Nairobi. Mashairi mengine nayaelewa, lakini washairi wa Pwani wananishinda. Kila mstari kamusi. Je, niwaache tu?*
*Dada wa Mukono*

Usiwaache, dada yangu. Soma shairi lote mara mbili kabla hujagusa kamusi. Kisha chagua maneno matatu tu, yale yanayoziba njia kabisa, uyatafute hayo. Mengine yatafunguliwa na majirani zake. Ukikutana na *mato*, *kitwa* na *ndia*, ni macho, kichwa na njia. Watu wa Mvita na Lamu hutamka hivyo, na ukishazoea mabadiliko hayo ya sauti nusu ya ugumu umekwisha. *Mtima* hata sikuelezi, Muganda hahitaji kamusi kwa neno hilo. Jambo jingine ni kwamba mshairi wa arudhi hufupisha maneno ili mizani ikae sawa: *nimeona* hugeuka *meona*, *usikate* hugeuka *sikate*. Ukiona neno lisilo na kichwa, lirudishie kichwa chake uendelee na safari.

*Mwalimu, nauza samaki Masese, Jinja. Baada ya kusoma diwani niliyoazimwa na rafiki nimejaribu ubeti wangu mwenyewe. Rafiki huyo anasema ni guni, yaani umevunja sheria za vina na mizani. Naomba uamue.*

*Maji yanatoka Jinja, yanakwenda hayarudi,*
*Jua linapoyachanja, hung'aa kama waridi,*
*Mvuvi akiyaonja, hukumbuka yake ahadi,*
*Moyo wangu nao waja, kuyafata sina budi.*

*Mchuuzi wa samaki, Jinja*

Ndugu mchuuzi, barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara nimetabasamu. Kabla ya hukumu, nikuambie nilichokipenda: *jua linapoyachanja*. Kuchanja ni neno la kuni, la shoka na gogo. Wewe umeliweka juu ya maji, na mtu aliyewahi kusimama ufukweni saa nne asubuhi anauona ule mstari wa mwanga ukiyapasua mawimbi. Neno hilo hukuliazima kitabuni. Ni lako.

Sasa tuhesabu, maana rafiki yako ana haki ya kujibiwa kwa hesabu. Mshororo wa kwanza: *ma-ji-ya-na-to-ka-Ji-nja*, nane. *Ya-na-kwe-nda-ha-ya-ru-di*, nane. Safi. Wa pili: *ju-a-li-na-po-ya-cha-nja*, nane, na *hu-ng'a-a-ka-ma-wa-ri-di*, nane. Safi. Wa tatu: *m-vu-vi-a-ki-ya-o-nja*. Hiyo *m* ya mvuvi inasimama peke yake na inahesabiwa, kwa hiyo ni nane. Lakini utao wake, yaani kipande cha pili, *hu-ku-mbu-ka-ya-ke-a-ha-di*, ni tisa. Hapo rafiki yako amekupata. Sema ubeti wote kwa sauti huku ukigonga meza, utasikia mkono unachelewa mahali hapo. Dawa iko karibu: *huikumbuka ahadi*. Nane kamili, na sentensi imekuwa nyepesi zaidi, kwani lile *yake* lilikuwa limekaa kinyumenyume kwa ajili ya kujaza tu.

Mshororo wa nne mizani yake ni sawa. *Kuyafata* badala ya *kuyafuata* ni inkisari halali, yaani kufupisha neno, washairi wameitumia siku zote. Tatizo ni kina cha kati. Umetoka *Jinja*, *chanja*, *onja*, ghafla *waja*. Unaweza kujitetea kwamba kituo, yaani mshororo wa mwisho, kinaruhusiwa kubadili vina, na ni kweli, kinaruhusiwa. Lakini *ja* iko karibu mno na *nja*. Sikio halisikii mtunzi aliyeamua kugeuka, linasikia mtunzi aliyeteleza. Ama ugeuke kabisa, uchukue kina cha mbali, ama ubaki palepale. Ukitaka kubaki, jaribu hivi:

Nami moyo naukunja, kuyafata sina budi.

Sasa moyo unakunjwa kama mkeka wa msafiri, na *sina budi* imepata uzito, kwa kuwa mtu ameshafunga mizigo. Hiyo ni rai yangu tu, ubeti ni wako.

Nina neno moja zaidi, nalo halihusu hesabu. *Waridi* limechoka. Limo katika kila wimbo wa mapenzi kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Baada ya *kuchanja*, neno lako la kuni, waridi linakuja kama mgeni aliyevaa suti sokoni. Jaribu *hung'aa, nayo baridi*. Mizani nane, kina kilekile, na sasa maji yanang'aa huku yakibaki baridi, jambo unalolijua vizuri kuliko mimi wewe unayeosha samaki alfajiri.

Kwa hiyo: ubeti ulioutuma ni guni kwa mizani moja na kina kimoja. Urekebishe, kisha utunge beti mbili za kuufuata. Mambo ya huyo mvuvi na ahadi yake hujayamaliza, na mimi nataka kujua alimwahidi nani.

*Mwalimu, baba yangu hataki kusikia Kiswahili ndani ya nyumba. Kwake ni lugha ya vizuizi vya barabarani na ya askari waliovunja milango usiku. Mimi nimeanza kuyapenda sana mashairi haya na najiona kama ninamsaliti. Nishauri.*
*Binti, Mpigi*

Mwanangu, usibishane na baba. Anachokisema ni kweli. Watu wengi wa rika lake Kiswahili walikisikia kwa mara ya kwanza katika amri: simama, kaa chini, leta fedha. Mwaka 1973 Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, ilikuwa amri pia. Mwaka 2005 Katiba ikarekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Hayo yote mimi nimeyapokea kwa furaha, lakini hakuna hata moja linaloweza kumfutia mzee wako sauti alizozisikia mlangoni kwake.

Mimi nilikulia Tororo, katika nyumba za reli. Kiswahili nilichokikuta pale kilikuwa cha akina mama waliopanga foleni bombani: Mteso, Mjaluo, Msamia, Muganda, kila mmoja akiwa na lugha yake nyumbani, na hiki kimoja wakikutana. Walikitumia kugombana, kubembelezea watoto na kuliana msibani. Mama yangu alipofiwa, majirani walimwimbia kwa Kiswahili usiku kucha, kwa sababu hakuna lugha nyingine waliyokuwa nayo kwa pamoja. Kwa hiyo mimi na baba yako tuna lugha moja, ila tumeipokea kutoka kwa watu tofauti sana. Hakuna kati yetu aliyekosea.

Diwani uliyonayo imejaa watu wengine tena. Humo kuna Kiswahili kinachoomboleza, kinachomwomba mtoto radhi, kinachomlaani huyohuyo mwenye bunduki. Baba yako hajawahi kupata nafasi ya kukutana nacho. Usimlazimishe. Yasome mwenyewe chumbani kwako, uyapende bila kujificha wala kujionyesha. Kisha siku moja mkiwa mmetulia, chagua shairi fupi kuhusu jambo analolijua yeye, pengine shamba, pengine kifo cha mama, umsimulie kwa Luganda, kwa maneno yako. Msimulie habari yake tu. Akiuliza limetoka wapi, mwambie ukweli. Asipouliza, mmekwishakaa pamoja na shairi, na hiyo si haba. Watu wa nyumba yako hawasalitiwi na mtu anayewaletea kitu kizuri, mwanangu. Ondoa wasiwasi huo.

*Mwalimu mwenzako hapa Gulu. Nafundisha Kiswahili sekondari. Nikiingia na shairi, wanafunzi wanafungua daftari na kuniuliza: dhamira ni nini, tuandike. Nina kipindi kimoja na nakala moja ya diwani. Nifanyeje waonje ushairi wenyewe kabla ya maswali ya mtihani?*
*Mwalimu, Gulu*

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera. Dhamira iache ije mwishoni. Ukianza nayo umeshawapa maganda, na hawatatafuta tunda. Anza na maswali matatu ambayo mtoto yeyote anaweza kuyajibu: nani anasema, anamwambia nani, na wako wapi. Waache wabishane. Mwanafunzi atakayesema "huyu ni mwanamke" muulize ameonea mstari upi. Akikuonyesha mstari, ameanza uhakiki bila kujua.

Nakala moja inatosha mkisoma kwa sauti. Chagua mashairi mawili yanayogusa jambo moja kwa njia mbili, moja la arudhi na moja huru, na yawe mafupi. Yaandike ubaoni kabla ya kengele. Gawa darasa pande mbili, kila upande ulitetee shairi lake, kisha katikati ya kipindi wabadilishane. Ile dakika mwanafunzi anapolazimika kulitetea shairi alilokuwa akilishambulia ndiyo inayomlazimisha kulisoma vizuri. Vina na mizani vitajitokeza vyenyewe katika mabishano, na hapo ndipo unapoingiza istilahi, wakati wanazihitaji: ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo), utao, kituo, nafsineni (anayesema ndani ya shairi).

Na wewe uko Gulu, kwao mshairi Okot p'Bitek. Kazi yake kubwa ilitoka kwanza kwa Kiingereza, *Song of Lawino*, mwaka 1966, na kwa Kiacholi, *Wer pa Lawino*, mwaka 1969. Kiswahili kinayo pia: Paul Sozigwa aliitafsiri kama *Wimbo wa Lawino*. Tafuta kurasa mbili tu za Kiacholi na kurasa hizohizo za Kiswahili. Nyumbani kwa wanafunzi wako hakosekani mzee wa kuwasomea Kiacholi kwa lafudhi inayostahili. Waulize ni mistari gani imevuka salama na ipi imegoma. Wanafunzi wanaoona haya kusema Kiswahili chao cha shule watazungumza siku hiyo, kwa sababu kwa upande mmoja wao ndio wenye ujuzi na wewe ndiye msikilizaji.

Kuhusu mtihani, maswali yake yatajibika. Mtoto aliyepigania shairi hashindwi kutaja dhamira yake, na mara nyingi anataja mbili. Ila kuna sharti moja ninalokuomba ulishike: usitoe maoni yako juu ya shairi mpaka yule wa dawati la nyuma kabisa, asiyependa kunyoosha mkono, awe amesema ni mstari gani angeuondoa, na kwa nini.